Namna ya Kuwatunza Paka wa Nje Wakati wa Joto la Kaskazi Mjini Tanga

Kaskazi inapoanza kuvuma mwezi wa Desemba, mji wa Tanga huingia katika miezi yake ya joto, na kufikia Februari na mwanzoni mwa Machi, kabla masika hayajashuka, joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33 za sentigredi kivulini. Juu ya bati, juu ya lami na juu ya mchanga wa pwani joto huwa kali zaidi ya hapo. Watu huhamia barazani, hufungua madirisha na huoga mara mbili au tatu kwa siku. Paka anayeishi nje hana bafu wala dirisha, na mwili wake una njia chache za kujipoza kuliko mwili wa binadamu.

Ni vizuri kuufahamu mwili huo kabla ya kuanza kazi. Joto la kawaida la paka ni kati ya nyuzi 38.1 na 39.2, na likipita 40 paka yumo hatarini. Paka hutoka jasho kwenye nyayo tu, kwa hiyo njia yake kubwa ya kujipoza ni kulamba manyoya ili mate yanapokauka yaondoke na joto. Mahali pakavu kama Dodoma njia hiyo husaidia sana, lakini katika hewa ya Tanga, iliyojaa unyevu wa bahari, mate hukauka polepole na faida yake hupungua. Ndiyo maana siku ya mawingu isiyo na upepo inaweza kumtesa paka wa Tanga kuliko siku ya jua kali ambayo kaskazi inavuma vizuri.

Mwongozo huu unamhusu paka mwenye nyumba anayelala nje, na pia paka wa mtaa asiye na mwenyewe, yule anayeitwa shume na kufukuzwa kwa kandambili. Baada ya miaka kadhaa ya kuwahudumia paka wa uani kwetu Ngamiani nimefikia uamuzi mmoja, na hatua zote zinazofuata zimejengwa juu yake: paka anajua kuliko sisi mahali penye ubaridi, na kazi ya binadamu ni kumfikishia maji, kivuli na chakula pale pale alipokwisha kupachagua, kwa saa anazozichagua yeye.

Hatua ya kwanza: tazama kabla hujatengeneza chochote

Chagua siku isiyo na mawingu, utoke saa saba mchana, uzunguke ua, vichochoro na nyuma ya nyumba, uone paka wamelala wapi. Usiwaite wala usiwape chakula wakati huo, kwa sababu wakikufuata hutajua walipokuwa. Rudia saa tisa na nusu, kisha saa kumi na moja, kwa kuwa kivuli huhama na paka huhama nacho. Fanya hivyo kwa siku mbili au tatu.

Katika mitaa ya Ngamiani, ambako barabara zimepigwa mstari na kupewa namba na nyumba zimekaribiana, utawakuta zaidi katika vichochoro vyembamba vinavyopitisha upepo, chini ya mikokoteni iliyoegeshwa, kwenye sakafu yenye unyevu karibu na karo, au nyuma ya tangi la maji. Raskazone na Chumbageni, ambako viwanja ni vikubwa na miti ni mingi, hupenda kulala chini ya mikungu, miembe na miarobaini, mara nyingi ndani ya kishimo walichojichimbia kwenye udongo uliolowa. Huenda ukagundua kwamba mahali ulipokuwa ukiweka bakuli la maji hapapitwi na paka yeyote tangu saa nne asubuhi hadi jua linapopoa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwangu.

Hatua ya pili: maji

Paka huhitaji wastani wa mililita 50 za maji kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo paka wa kilo 4 anahitaji mililita 200 hivi, kiasi kisichojaza glasi ya kawaida, na wakati wa joto huhitaji zaidi. Anayekula samaki wabichi au waliochemshwa hupata sehemu kubwa ya maji hayo ndani ya chakula. Anayeishi kwa dagaa wakavu, kwa ng'onda au kwa mabaki ya wali hupata kidogo mno, na chumvi ya samaki wa kukausha humwongezea kiu. Mtu asidanganyike kwamba paka asiyeonekana akinywa hana kiu, maana maumbile yake ni ya mnyama wa jangwani, hukawia kuhisi kiu, na huweza kupungukiwa na maji mwilini bila kulia wala kuhangaika.

Chombo kiwe cha udongo au cha kauri, kipana, chenye kina kifupi, na kizito kiasi cha kutopinduka. Msimu wa kwanza nilitumia sufuria ya alumini, nikaiweka wazi karibu na mlango wa uani ili niione kwa urahisi. Ilipofika saa sita maji yalikuwa ya moto kiasi cha kutofaa hata kunawia, na paka waliyanusa wakaondoka. Nilipohamishia maji katika chungu cha udongo nyuma ya tangi, walikokuwa wakilala, yalianza kupungua tangu siku ile ile. Udongo hupitisha maji kidogo kidogo hadi nje, yakakauka na kukipoza chombo, kama inavyofanya mitungi ya kunywea majumbani mwetu.

Weka vyombo zaidi ya kimoja. Pakiwa na paka watano, vitatu ni kiasi kizuri, na viachane, kwa sababu dume mkubwa akilala karibu na chombo pekee wenzake watakaa na kiu hadi aondoke. Visikaribiane na chakula, na viwe mbali kabisa na mahali wanapojisaidia. Kama maji ya kisima chenu yana chumvi, jambo la kawaida karibu na bahari, wapatie ya bomba au ya mvua. Kipande kimoja au viwili vya barafu ndani ya chungu saa saba mchana havina madhara, ingawa si lazima.

Mwaga maji yote kila asubuhi, usugue chombo kwa brashi kuondoa utelezi, ujaze upya, na uongeze alasiri. Kusugua ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa paka na kwa majirani pia. Bibi mmoja wa nyumba ya pili, baada ya kuipokea shikamoo yangu, aliniuliza kwa uchungu kabisa, "Mwanangu, vichungu hivi si ndivyo vitakavyotuletea mbu?" Nikamjibu, "Vikikaa wiki nzima vitawaleta, bibi. Navimwaga na kuvisugua kila siku, hata yai la mbu halipati nafasi." Swali lake lilikuwa la haki. Mbu anayeeneza dengi hutaga katika maji safi yaliyotuama, mayai yake hunata ukutani mwa chombo, na kutoka yai hadi mbu mwenye mbawa hupita takriban wiki moja au zaidi kidogo. Mwaka 2019 dengi ilipolipuka Dar es Salaam, Tanga nayo ilipata wagonjwa, na watu hawajasahau. Chombo kinachomwagwa na kusuguliwa kila siku hakizalishi mbu, na ukimweleza jirani hivyo kwa adabu atakuwa msaidizi wako siku utakapokuwa safarini.

Wako pia wanaochelea kumwacha paka anywe karibu na maji ya udhu. Abu Qatada, sahaba wa Mtume, alikiinamisha chombo chake cha udhu ili paka anywe, kisha akaeleza kwamba Mtume alisema paka si najisi, bali ni katika wanaotuzunguka majumbani. Wenye kutunza misikiti wakiweka chungu kidogo pembeni mwa mabomba watakuwa wamewasaidia paka wengi kwa mara moja, kwani hapo tayari wanapajua.

Maziwa usiyatumie mahali pa maji. Paka wengi wazima hawawezi kuisaga sukari iliyomo katika maziwa ya ng'ombe, hivyo huharisha, na kuharisha wakati wa joto humpotezea paka maji mengi kuliko aliyoyapata katika kikombe hicho.

Hatua ya tatu: kivuli chenye upepo

Kama hatua ya kwanza imekuonyesha kwamba paka wana miti na vichochoro vya kutosha, hatua hii waweza kuiruka. Kama ua wenu ni wa saruji na bati tupu, watengenezee kibanda.

Chukua kreti kubwa la mbao au piga vibao upate sanduku lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 45 na kimo cha 40, ambalo paka wawili wanaweza kulala bila kubanana. Liinue juu ya matofali ili chini yake pabaki nafasi ya sentimita 15 hadi 20 ya kupitisha hewa. Sakafu iwe ya vibao vilivyoachana kidogo. Acha pande mbili zinazotazamana zikiwa wazi, mmoja uelekee kaskazini-mashariki, unakotoka upepo wa kaskazi, na wa pili uwe njia ya kuutoa. Upande wa pili una kazi nyingine pia: paka wengi wa nje huchelea kuingia mahali penye mlango mmoja, kwa kuwa mbwa au dume mgomvi akitokea hana pa kukimbilia.

Paa ndilo linaloamua kama kibanda kitakuwa kivuli au tanuri. Tumia makuti, angalau tabaka mbili, kwa sababu hushika hewa katikati yake na hayapitishi joto upesi. Ukilazimika kutumia bati kwa ajili ya mvua, liinue juu ya makuti kwa vipande vya mbao, pabaki uwazi wa upana wa mkono, hewa ya moto itoke kabla haijashuka ndani. Usifunike kwa turubai la plastiki. Boksi la karatasi ngumu lililowekwa chini ya bati, ambalo huonekana kuwa wema mkubwa, hugeuka kuwa chumba cha mvuke kufikia saa tano.

Ndani usitandike blanketi. Gunia la katani lililokunjwa mara moja linatosha, na Tanga hatuna upungufu wa katani. Mchana wa joto kali mwagia maji udongo ulio chini na kandokando ya kibanda, asubuhi na tena saa saba. Paka watalala hapo nje, juu ya udongo uliolowa, na hilo ndilo lililokusudiwa.

Hatua ya nne: chakula na saa zake

Lisha mara mbili, alfajiri kabla jua halijachomoza na jioni baada ya Magharibi. Paka kwa asili yake ni mwindaji wa mapambazuko na machweo, na mchana wa joto hupunguza kula mwenyewe ili asijiongezee joto la kusaga chakula. Saa hizo zina faida nyingine kwa sisi wa pwani, ambao tumevamiwa na kunguru wa India: kunguru huenda kulala giza linapoingia. Mtu anayemwaga chakula saa nne asubuhi anawalisha kunguru, na kunguru waliozoea uwanja fulani hurudi kuwadonoa watoto wa paka.

Miaka hii Ramadhani imeangukia katika miezi ya Februari na Machi, joto likiwa kileleni. Mama lishe wengi hawapiki mchana, mabaki hayapatikani, na paka wanaotegemea vibanda vyao hukaa na njaa siku nzima. Waliofunga, hata hivyo, wanaamka kula daku na wanakaa pamoja kufuturu, na hizo ndizo saa za paka hasa. Sehemu ndogo ikitengwa kabla sufuria haijatiwa chumvi, vitunguu na viungo itatosha. Vitunguu maji na vitunguu saumu ni sumu kwa paka, vibichi au vilivyopikwa, maana huharibu chembe nyekundu za damu yake, kwa hiyo mchuzi usimiminwe juu ya wali wake.

Wanaofika soko la samaki la Deep Sea asubuhi wanaweza kupata vichwa na vipande vya samaki wadogo kwa bei nafuu. Chemsha kwa maji matupu, ondoa miiba, changanya na ugali au wali kidogo, na uache mchuzi uwe mwingi, kwani hayo nayo ni maji. Usiwape samaki wabichi kila siku, maana baadhi yao wana kitu kinachoharibu vitamini B1, ambacho kuchemsha hukiondoa. Wala samaki peke yake hatoshi mwaka mzima. Mara mbili au tatu kwa wiki wape moyo wa ng'ombe au viungo vya kuku vilivyochemshwa, na maini kidogo tu. Paka wa kilo 4 asiye na chakula kingine hutosheka na gramu 200 hivi za samaki waliochemshwa kwa siku.

Kilichobaki baada ya nusu saa kiondolewe, kwa kuwa samaki katika joto letu huchacha haraka na huita inzi. Kuzuia sisimizi, weka bakuli la chakula katikati ya sahani pana yenye maji, nao hawatavuka. Paka akipunguza kula mchana usiogope, lakini akikaa siku nzima na usiku wake bila kugusa chochote, mtafutie daktari wa mifugo.

Hatua ya tano: mkague kila siku kwa macho, na kila wiki kwa mikono

Kwa anayekubali kushikwa, bana ngozi ya juu ya mabega taratibu kisha iachie. Kwa paka mwenye maji ya kutosha hurudi mara moja, na kwa aliyepungukiwa husimama kama hema kwa muda. Gusa ufizi, ambao unapaswa kuwa na unyevu na rangi ya waridi, usiwe wa kunatanata. Kwa asiyeshikika, tazama mwendo wake, macho yake na manyoya yake, kwa sababu paka anayeacha kujilamba hana afya.

Paka weupe, au wenye masikio meupe, huunguzwa na jua kwenye ncha za masikio na juu ya pua. Ukiona gamba linalorudi kila mara au kidonda kisichopona, usikichukulie kuwa mkwaruzo wa ugomvi. Saratani ya ngozi huanza hivyo, na ikiwahiwa huondolewa kwa upasuaji mdogo. Mafuta ya kuzuia jua ya binadamu usimpake, kwa sababu atayalamba na baadhi ya vilivyomo vitamdhuru. Dawa yake ni kivuli. Wala usimnyoe manyoya kwa kudhani unampunguzia joto, kwani manyoya humkinga na jua. Paka mwenye manyoya marefu mchane tu, uondoe yaliyokufa.

Viroboto na kupe huongezeka msimu huu, na hapa ndipo paka wengi wanapouawa na watu wanaowapenda. Dawa nyingi za unga na za kuogeshea mbwa na ng'ombe zina permetrini, sumu ya kuua wadudu, ambayo mbwa huivumilia, lakini paka hutetemeka, hupata degedege na huweza kufa. Muuzaji mmoja aliwahi kunihakikishia kwamba dawa ya kuogeshea ng'ombe "ukiizimua sana" haina neno kwa paka. Nashukuru nilisoma karatasi yake kwanza. Tumia dawa iliyoandikwa wazi kuwa ni ya paka, kwa kipimo cha uzito wake, na kama haipatikani tumia chanuo lenye meno ya karibu na maji ya sabuni, ukivitumbukiza viroboto humo. Vivyo hivyo, usimpe paka mwenye homa panadol wala dawa yoyote yenye parasetamoli. Ini la paka haliwezi kuiondoa, na kipande cha kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Kidonda chochote kilicho wazi kisafishwe siku hiyo hiyo kwa maji ya chumvi kidogo yaliyochemshwa na kupoa, kwa kuwa inzi hutaga humo na funza huonekana ndani ya siku moja.

Hatua ya sita: mahali panapogeuka mtego

Ghala, stoo, kontena na gari huua paka kwa joto kimya kimya. Kabla ya kufunga mlango wa ghala asubuhi, ita, piga makofi, angalia nyuma ya magunia. Paka hutafuta kivuli chini ya magari na hata ndani ya injini, kwa hiyo gonga boneti na utazame chini kabla ya kuwasha. Waombe vijana wa bajaji wa kijiweni kwenu wafanye hivyo. Wengi huitikia wakielezwa.

Hatua ya saba: paka aliyezidiwa na joto

Soma sehemu hii kabla haijahitajika. Mbwa huhema mdomo wazi kila siku na hilo ni jambo la kawaida kwake. Paka akihema mdomo wazi akiwa amelala, ujue hali imeharibika tayari. Dalili nyingine ni mate mazito yanayodondoka, ufizi mwekundu sana, kuyumba, kutapika, na mwishowe kulegea, degedege au kuzirai.

Kabla hujamgusa, jilinde. Paka usiyemjua anayeyumba na kutoa mate anaweza pia kuwa na kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao huwapata paka na kumuua binadamu. Mrushie khanga nene au taulo, umshike kupitia nguo hiyo. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaombe chanjo, hata kama jeraha ni dogo.

Mpeleke kivulini penye upepo, umlaze juu ya sakafu baridi. Mloweshe kwa maji ya kawaida ya bomba, ukianzia nyayo, tumbo, makwapa na kinena, kisha mpepee kwa ubao, kwa ungo au kwa feni. Maji pamoja na upepo ndivyo vinavyotoa joto. Usitumie maji ya barafu, maana hubana mishipa ya damu ya ngozi na kulifungia joto ndani. Ile khanga uliyomshikia iondoe, na usimfunike kwa taulo lililolowa ukamwacha nalo, kwa kuwa baada ya dakika chache hushika joto lake na kumzuia kupoa. Akiwa na fahamu mwekee maji karibu anywe mwenyewe. Usimmiminie mdomoni, kwani yataingia mapafuni. Kama una kipimajoto cha njia ya haja kubwa na unajua kukitumia, acha kumlowesha joto linapofika 39.4, lisije likashuka kupita kiasi.

Wakati unaendelea kumpoza, mwenzako ampigie simu daktari wa mifugo, na mwondoke mara tu paka anapoweza kusafiri. Tenga la kuku ni chombo kizuri kuliko boksi, kwa kuwa linapitisha hewa pande zote, na bajaji iliyo wazi ni bora kuliko gari lililokaa juani. Mpeleke hata kama ameinuka na kuanza kutembea. Joto likishaunguza figo au ubongo, madhara huweza kujitokeza saa nyingi baadaye, na paka aliyeonekana kupona jioni hukutwa amekufa asubuhi.

Ndiyo maana namba ya simu ya daktari itafutwe mapema, mwezi wa Novemba ikiwezekana. Ulizia ofisi ya mifugo ya kata au ya jiji, uulize ni nani miongoni mwao anayetibu paka, kwa kuwa wengine kazi yao ni ng'ombe na mbuzi tu. Siku hiyo hiyo uliza pia kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo paka wanapaswa kuipata sawa na mbwa.

Hatua ya nane: wajawazito, wanyonyeshao na watoto

Jike mwenye mimba huibeba kwa siku 63 hadi 65, na huku kwetu, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana, huzaa wakati wowote wa mwaka, hivyo wengine hujikuta wakinyonyesha Februari. Huyo anahitaji maji na chakula karibu mara mbili ya kawaida. Weka chungu hatua chache tu kutoka alipozaa, asilazimike kuwaacha watoto kwa muda mrefu. Ukikuta watoto peke yao, usiwachukue upesi. Kaa mbali, usubiri saa mbili au tatu, isipokuwa jua limewafikia, na hapo wasogeze hadi kivuli kilicho jirani ili mama awaone.

Watoto wa paka wanaoishi mtaani hufa wengi wakati wa joto, kwa kiu, kwa kunguru na kwa viroboto wanaowamaliza damu. Nimewazika wengi, na naandika bila kusita kwamba msaada mkubwa kuliko chungu na kibanda ni kumfunga kizazi jike na kumhasi dume. Jike anaweza kushika mimba akiwa bado ananyonyesha. Ongea na majirani wa ua mmoja mchangie gharama ya jike mmoja kwanza, kisha wa pili. Upasuaji ufanyike baada ya joto kupungua, Juni au Julai, ili kidonda kipone katika hali ya hewa nzuri.

Mwanamke mjamzito asishughulike na kinyesi cha paka wala mchanga wanamojisaidia, kwa ajili ya toksoplasmosi, ugonjwa unaoenezwa na kinyesi hicho na unaoweza kumdhuru mtoto tumboni, na mwingine yeyote akiondoe kila siku kisha anawe kwa sabuni.

Hatua ya tisa: masika yanapoingia

Mvua za kwanza zikishaanguka na upepo ukageuka kuwa kusi, kibanda kilichofunguliwa kaskazini-mashariki kwa ajili ya ubaridi hakina budi kupangwa upya. Ziba kwa ubao upande unaotazama kusini, ambako mvua itapiga, na mlango wa pili uache kama njia ya dharura, uukinge kwa kuti linaloning'inia ambalo paka anaweza kulisukuma. Ongeza tofali moja kila pembe kama ua wenu hujaa maji. Badilisha gunia la katani kila linapolowa. Vyungu vya maji vipunguze hadi viwili, uvihamishie chini ya upenu, na uendelee kuvimwaga na kuvisugua kila asubuhi, kwa sababu sasa mbu wapo kila mahali. Chungu kitakachobaki kisafishe, ukiangalie kama kina ufa, ukikaushe na kukihifadhi hadi Desemba.